Folda ya 616 dukani kwangu haina filamu

Nina duka dogo Busia, upande wa Uganda, karibu na foleni ya malori. Mteja analeta flashi au memori kadi, anataja anachotaka, namwekea, analipa, anaenda zake. (Habari za hakimiliki tuziache leo, zina siku yake.) Wengi hutafuta tamthilia za Kikorea, au filamu zilizotafsiriwa na ma-VJ wa Kampala, wale wasimulizi wanaoitafsiri filamu kwa sauti yao. Ila kuna kikundi ambacho nikikiona kinaingia najua nusu saa yangu imekwenda: wanafunzi wa sekondari, vijana wa boda wawili watatu, na dereva mmoja wa Mombasa anayepita na mzigo wa Juba. Hao ni watu wa mashujaa wa komiki. Ukimwambia mmoja wao, "Superman ipo," anakuuliza, "Superman wa dunia gani?"

Swali ni halali kabisa, maana shujaa mmoja huwekwa katika dunia kadhaa, kila moja na hadithi yake. Na kwa kuwa mimi ndiye ninayezipanga filamu kwenye kompyuta, lazima kila dunia niipe jina ambalo mteja atalitambua bila kubishana nami. Kwa kazi hiyo nimeona kwamba jina wanalotoa wenye mali na jina wanalotumia watazamaji mara nyingi haliwi moja, na mara nyingi la wenye mali ndilo lisilofaa. Sisemi hivyo kwa ushabiki, ingawa ushabiki ninao. Nasema kama mtu wa folda. Na ugomvi mkubwa kuliko yote ni wa 616, namba ya dunia kuu ya vitabu vya Marvel ambayo sasa filamu nazo zinaidai; tutaufikia.

Chukua DC, kampuni ya komiki yenye Superman na Batman. Mwaka 2013 ilitoka Man of Steel ya Zack Snyder, zikapangwa nyingine za kuendeleza hadithi ile ile, na zote kwa pamoja hazikuwa na jina. Mwaka 2015 mwandishi wa jarida la Entertainment Weekly, Keith Staskiewicz, akaandika "DC Extended Universe" katika makala yake. Hakuna kikao kilichokaa, hakuna wakili aliyetia saini. Mwandishi alihitaji neno, akalitunga. Watu wakalidaka, wakalikata likawa DCEU, likaenea. Mwaka 2017 wanahabari wa Vulture walipofuatilia habari yake, ikaonekana kwamba kampuni yenyewe haikulitambua kama jina rasmi. Mwaka 2018 kampuni ikaja na lake, Worlds of DC. Nani analikumbuka? Dukani kwangu sijasikia mtu akilitamka. Halafu 2020 HBO Max, huduma yao wenyewe, ikafunguliwa, na filamu zile zikapangwa chini ya kichwa gani? DC Extended Universe.

Waganda hatupaswi kushangaa. Isaac Nabwana, mtengenezaji wa filamu za mapigano pale Kampala, kampuni yake inaitwa Ramon Film Productions, jina alilolitoa kwa nyanya zake wawili, Rachael na Monica. Jina zuri, la heshima. Sasa nenda uulize watu kama wanaijua Ramon. Wanaijua Wakaliwood, kwa mtaa wa Wakaliga anakofanyia kazi, na hata wazungu wanaosafiri kwenda kumwona huuliza njia ya Wakaliwood.

Turudi DC. Mwishoni mwa 2022 studio wakakabidhiwa James Gunn na Peter Safran, na Januari 2023 wakatangaza mwanzo mpya, unaitwa DCU. Wameondoa herufi moja tu! Hebu simama kaunta umweleze mteja mwenye haraka kwamba hii ni DCU na ile ni DCEU. Tena DC Universe lilikuwa jina la huduma yao ya mtandaoni iliyoanza 2018, na ndilo jina la siku zote la ulimwengu wa vitabu vyao. Wateja wangu walimaliza jambo hili bila kamati: "za Snyder" na "za Gunn". Folda zangu zimeandikwa hivyo, SNYDER na GUNN, na hakuna aliyerudi kulalamika kwamba nimempa Superman asiye wake. Kwa haki, nao wana jina moja ninalolisifu: Joker ya 2019 na The Batman ya 2022, ambazo haziungani na yeyote, wanaziita Elseworlds, jina walilolichukua kwenye vitabu vyao vya zamani vya hadithi za kando. Ukilisikia unajua umekaa wapi.

Sony, studio inayotengeneza filamu za Spider-Man, ndio walionichekesha. Mwaka 2021 filamu za Venom na wenzake zilipewa jina rasmi la Sony's Spider-Man Universe. Venom zimetoka tatu, ikaja Morbius, Madame Web, Kraven, na hakuna hata moja ambayo Spider-Man ndiye shujaa wake. Folda yangu inaitwa VENOM. Tuendelee.

Mchezo wa kuhesabu dunia ulianzia kwenye vitabu. Nilivikuta kwa wauza vitabu vya mitumba Kampala, vingine havina jalada, nikavisoma kwa fujo, cha katikati kabla ya cha mwanzo. Kimoja kilikuwa mkusanyo wenye ile hadithi ya The Flash toleo la 123, Septemba 1961, ya Gardner Fox na mchoraji Carmine Infantino. Barry Allen, Flash kijana, anawafanyia watoto yatima mazingaombwe ya kamba. Anautetemesha mwili wake kwa kasi, ghafla hayupo pale, yuko mji mwingine kabisa. Huko anamkuta Jay Garrick, Flash wa zamani mwenye kofia ya chuma, ambaye Barry alikuwa akimsoma kwenye komiki akiwa mtoto! Na Barry anamweleza mzee wa watu bila aibu: kule kwetu wewe ni hadithi, aliyekuandika anaitwa Gardner Fox, na alidai habari zako humjia ndotoni. Yaani mwandishi kajitia mwenyewe humo ndani. Nilisoma ukurasa ule nimesimama, muuzaji akaniuliza kama nanunua au naangalia tu.

Hadithi ile haikuwa na namba. Namba zilikuja 1963, Justice League of America toleo la 21 na la 22: dunia ya Barry ikawa Earth-One, ya Jay ikawa Earth-Two. Sasa hesabu mwenyewe. Jay Garrick alichapishwa mara ya kwanza 1940. Barry Allen, 1956. Mkubwa ndiye akawa wa pili! Sababu ni nyepesi tu: mwaka 1963 vitabu vilivyokuwa vikiuzwa ni vya Barry, na mwenye kalamu huanza kuhesabu kwake.

Sisi wa mpakani hilo tunaliishi. Busia ziko mbili, jina moja, geti katikati. Mtu wa huku akisema "Busia" bila kuongeza neno, anamaanisha huku. Ile nyingine ni Busia ya Kenya, au ng'ambo tu. Vuka, utakuta nao wanasema hivyo hivyo, kinyume chake, na hakuna anayejiita wa pili. Lakini anayejaza karatasi za mzigo hawezi kuandika "Busia" akaishia hapo. Lori litashusha wapi? Lazima aandike Busia ipi. Kuna jina la kutamka ukiwa kwako, na kuna jina la kuandika kwenye karatasi za mzigo, na nionavyo mimi ugomvi wote wa 616 umetokana na kuyachanganya hayo mawili.

Kwa wasiojua ugomvi wenyewe: 616 ndiyo namba ya ulimwengu mkuu wa vitabu vya Marvel, wapinzani wa DC, na haikutoka Marekani. Ilitoka Uingereza, kwenye hadithi za Captain Britain za mwanzoni mwa miaka ya 1980, zilizoandikwa na Dave Thorpe, kisha Alan Moore, zikichorwa na Alan Davis. Ilichapishwa kwenye The Daredevils toleo la 7, mwaka 1983. Katika hadithi zile kila dunia ina Captain Britain wake, na wote wanaweza kukutana mahali pamoja. Utamwitaje mmoja wao? Kwa dunia aliyotoka. Karatasi ya mzigo, basi. Kinachonifurahisha ni jeuri ya Waingereza wale. DC walijiita Kwanza. Wao wakauchukua ulimwengu mkuu wa Marvel, wenye Spider-Man na Captain America na wote, wakaupa namba ya katikati ya foleni, kana kwamba ni dunia kama nyingine yoyote. Mwaka 1988 Chris Claremont na Davis wakaanzisha kitabu cha Excalibur huko Marvel ya Marekani, na namba ikavuka nayo bahari.

Wakubwa wa Marvel hawakuipenda. Tom Brevoort, mhariri wa miaka mingi, amesema waziwazi kwamba jina hilo halipendi, na Joe Quesada, aliyekuwa mhariri mkuu, naye vivyo hivyo. Ninawaelewa. Wao walikuwa wamesimama Busia yao. Kwao huo ni ulimwengu wa Marvel na yamekwisha. Lakini wasomaji hawakuiachia namba, kwa sababu mzigo wa kupanga ulikuwa kwao. Mwaka 2000 Marvel wakaanzisha vitabu vya Ultimate, vyenye Peter Parker (ndiye Spider-Man) mwingine, kijana tena, anaanza upya. Ukitaka kuwalinganisha wawili hao bila namba utasema nini? Ultimate wakawa 1610. Na juzi juzi, mwaka 2023, wakazaa Ultimate nyingine, 6160. Anayezipanga hizo akiwa na usingizi, shauri yake.

Na usidhani kwamba upande mmoja walikuwa mashabiki na upande wa pili kampuni. Miaka ya 2000 Marvel walipofufua kitabu chao rasmi cha maelezo, Official Handbook, kiongozi wa waandishi wake alikuwa Jeff Christiansen, mtu aliyekuwa na tovuti yake ya kuorodhesha wahusika waliosahauliwa, wale wanaotokea ukurasa mmoja wanakufa. Shabiki kapewa kiti cha kampuni! Mwaka 2005 kikatoka kitabu kizima cha dunia mbadala, na namba nyingi ukizitazama utaona ni tarehe. Ile dunia ya baadaye ambako roboti za Sentinel zimewawinda X-Men ni 811, kwa sababu ilichapishwa kwenye toleo la Januari 1981: 81, kisha 1. Age of Apocalypse ni 295, Februari 1995. Filamu ya The Amazing Spider-Man ya Andrew Garfield ilitoka Marekani tarehe 3 Julai 2012, nayo ni 120703. Hizi ndizo namba zinazonikosha. Mtu alikaa akafikiri.

Katika vitabu hivyo hivyo, mwaka 2008, ulimwengu wa filamu ulioanza na Iron Man ukapewa yake: 199999. Namba mbaya. Haitamkiki, haina mvuto, inafanana na bei ya godoro. Lakini kazi iliifanya: vitabu 616, filamu 199999, hakuna kugongana.

Kisha filamu zikaanza kudai. Mwaka 2019, Spider-Man: Far From Home, Mysterio anamwambia Peter kwamba yeye ametoka Earth-833 na hapa walipo ni Earth-616. Mashabiki hawakujali sana, kwa sababu Mysterio ni mwongo na hadithi yake yote ya kutoka dunia nyingine ilikuwa ya kutunga. Ila Mei 2022, Doctor Strange in the Multiverse of Madness, Christine Palmer wa dunia ya 838, mwanasayansi mtulivu asiye na sababu ya kudanganya mtu, anamwambia Strange kwamba dunia aliyotoka Strange wameiandika 616. Basi. Siku hiyo 616 zikawa mbili.

Aliyenifurahisha hapo ni Iman Vellani, yule binti aliyeigiza Kamala Khan, shujaa Ms. Marvel, kwenye filamu za Marvel. Alikuwa msomaji wa komiki kupindukia kabla hajaajiriwa na Marvel, na akakataa hadharani. Kevin Feige, mkuu wa filamu za Marvel na mkubwa wake wa kazi, anasema filamu ni 616. Vellani anasema hapana, ni 199999. Mwajiriwa wa Marvel anakitetea kitabu cha Marvel dhidi ya filamu ya Marvel. Hapo niambie shabiki ni nani na rasmi ni nani.

Mwaka uliofuata Spider-Man: Across the Spider-Verse ya Sony ikachochea kuni. Miguel O'Hara, Spider-Man wa dunia nyingine, akiwa amekasirika, anamtaja Doctor Strange na yule kijana wa Earth-199999. Sekunde chache tu, lakini vijana wangu walikirudia kipande kile mpaka jirani muuza chapati akaja kuuliza kuna nini. Filamu hiyo ina faida nyingine kwetu: sauti ya Hobie Brown, Spider-Punk wa Earth-138, ni ya Daniel Kaluuya, aliyezaliwa London kwa wazazi Waganda. Kuna kijana wa boda anayeshikilia kwamba 138, kwa haki zote, ni dunia yetu. Simbishii.

Upande wa Feige unaye wakili hapa dukani, mwanafunzi wa S5 (kidato cha tano) anayevaa tai hata siku ya Jumamosi.

"Lakini Anti," ananiambia, "Christine anahesabu kwa orodha ya kwao. Watu wa vitabu wana orodha yao nyingine. Orodha zikiwa mbili, namba kugongana si kosa."

"Na wewe una flashi ngapi?"

"Moja."

"Basi nikuwekee 616 ipi humo?"

Akacheka, lakini hoja yake si ya kitoto. Ndani ya hadithi inasimama vizuri sana. Inafanana hata na ile ya Barry na Jay, kila mtu anahesabu kuanzia kwake. Tatizo ni kwamba mimi sikai ndani ya hadithi. Nje huku, namba iliyotungwa ili kutenganisha vitu viwili ukiipa vyote viwili imebaki pambo. Na hicho ndicho ninachowalaumu Marvel. Miaka yote wakubwa wao wa vitabu walipokuwa wakiikunjia uso 616, wasomaji ndio walioitunza, wakaipa thamani, wakaichapa kwenye fulana. Ilipokwisha kuwa na thamani, watu wa filamu wakaja kuichukua, wakaacha kazi yake nyuma.

VJ mmoja, ambaye tafsiri yake ya filamu ile ya Doctor Strange ninayo, alilimaliza jambo hili bila jasho. Pale Christine anapotaja namba, yeye hazitaji. Anasema tu "kule kwetu" na "huku kwao", mara kwa mara, hadi mwisho wa filamu. Na nimeona watu wazima wasiojua komiki hata moja wakiifuata hadithi bila kupotea, kuliko sisi wenye namba.

Kwa hiyo dukani mambo yako hivi. Folda ya 616 ipo, na ndani yake mna komiki tu, hakuna filamu. Filamu ziko kwenye MCU (Marvel Cinematic Universe), jina lao wenyewe la kampuni, kwa sababu kila mtu analijua na 199999 hakuna atakayekuja kuniomba. X-Men za zamani za studio ya Fox zina folda yake. Namba yao ni 10005 lakini nimeandika X-MEN. Folda pekee ya filamu yenye namba ni 828, ya The Fantastic Four: First Steps ya 2025. Wameipa dunia ile siku ya kuzaliwa ya Jack Kirby, tarehe 28 Agosti, mchoraji aliyewaumba hao wanne pamoja na Stan Lee. Hiyo niliikubali siku niliyoisikia.

Shida inakuja na Avengers: Doomsday, iliyopangwa kutoka Desemba 2026. Humo wametangazwa wale wanne wa 828, na wazee wa X-Men wa Fox, Patrick Stewart na Ian McKellen, pamoja na Avengers wenyewe, na Robert Downey Jr. anarudi akiwa Doctor Doom. Dereva wa Mombasa ameshaniambia, "Dada, hiyo iweke kwa X-Men, mimi huko ndiko nitakakoitafuta." Wakili wa S5 anataka nifungue folda mpya ya 616 ya filamu, kwa ushahidi wa Christine. Hilo halitatokea. Nitaiweka MCU, na nakala nyingine X-MEN kwa ajili ya dereva, maana yeye hulipa bila kuomba punguzo.